Wakwe wa Bati

Mama Dobi alidhani anamjua mumewe mpaka uvunguni, na alichokuwa anakijua hakikumfurahisha wala kumkosesha usingizi. Ndivyo ilivyokuwa hadi mwaka ule Fundi Bati alipoteleza juu ya paa la watu, akavunja nyonga, akaletwa nyumbani amelazwa juu ya mlango uliong'olewa bawaba.

Kabla ya hapo alikuwa mume wa kuvumilika. Alitengeneza mifereji ya paa, mabomba ya moshi, ndoo na makarai. Asubuhi anatoka na ngazi begani, jioni anarudi na njaa. Shule hakwenda, ufundi aliuokota kwa macho, kwa kusimama nyuma ya mafundi wengine mpaka wakamfukuza, naye keshajua. Alikuja akiwa kijana kutoka nchi nyingine, na hata mvi zilipomjaa kichwani mtaa bado ulimwita Mgeni akishapita, kwa sababu maneno aliyatoa kama mtu anayetafuna kokoto.

Alipokuja kumposa, baba mkwe alimuuliza kwao kuna nani wa kuitwa kukitokea jambo.

"Hakuna," kijana akajibu. "Wote wamekwisha."

Baba mkwe akaguna. Dada mkubwa wa bibi harusi, yeye aliyeolewa na karani, alicheka mpaka akashika ubavu. "Unaolewa na mtu hana hata shangazi! Mkigombana utamshitaki kwa nani, kwa ngazi yake?" Mama Dobi akaolewa naye vivyo hivyo, nusu kwa kumpenda, nusu kwa kumkomoa dada. Wakazaa wana wawili, wakakua, wakaenda kutafuta maisha yao. Mama Dobi akabaki na kazi yake ya kufulia mashuka nyumba za wageni, na ua mzima ukawa nyaya za kuanikia.

Sasa, mtu aliyezoea kazi ukimkalisha chini ni sawa na mbwa mwenye viroboto. Nyonga iliunga vibaya, Fundi Bati akawa anatembea upandeupande kama kaa, ngazi ikawa si yake tena. Siku moja akaburuta kutoka kwenye kibanda cha nyuma mabaki yote aliyolimbikiza: vipande vya mifereji, koki zilizokufa, minyororo ya baiskeli, springi za godoro, makufuli yaliyopotelewa na funguo. Akaketi juu ya kopo la rangi, akashika mkasi wa bati, akaanza kukata na kukunja.

Wa kwanza kutoka alikuwa mzee mmoja wa kimo cha kiunoni, mbavu nje, masikio ya makufuli.

"Hiki nini?" Mama Dobi akauliza, beseni kichwani.

"Baba."

"Baba wa nani?"

"Wangu mimi."

Mama Dobi akatua beseni. Akamzunguka mkwewe kama anayekagua mbuzi mnadani. "Kumbe," akasema. "Basi naelewa kwa nini ulihama."

Baada ya baba akaja mama, na pua yake ilikuwa koki. "Akipiga chafya tutafurika," Mama Dobi akasema. Wakaja wajomba wawili wanaogombea jembe. Akaja shangazi mnene aliyetengenezwa kwa pipa zima, binamu mwenye mguu mmoja, mbwa wa springi aliyetikisika upepo ukivuma. Ukoo ambao haukuonekana siku ya harusi sasa ulipanga mstari ukutani, ukatoa macho. Dada mkubwa alipita kuona, akaweka leso puani kana kwamba bati linanuka. "Afadhali alipokuwa hana ndugu," akasema.

Hapo walikubaliana, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Mama Dobi hakuona uzuri wowote pale. Aliona nafasi ya kuanika imeliwa, aliona mume mzima anacheza na makopo kama mtoto. Mvua ya kwanza iliponyesha wakwe wakatoa kutu, upepo ukayapeleka mashuka mabichi mpaka kwao, na yakarudi na madoa. Shuka moja lilikuwa na alama ya kiganja, vidole vitano vyekundu, kama kuna mtu aliyechinjwa akiwa amelishika. Alilifua mara nyingi, likagoma. Akalikunja alama ikiwa ndani, akalipeleka hivyo hivyo.

"Wapake rangi hao watu wako, au nawatupa mtaroni," akamwambia mumewe.

Akawapaka rangi za kuokotezea: mjomba mmoja kijani ya geti, mama mkwe buluu ya zahanati. Wakawa wabaya zaidi.

Kisha akamtengeneza mwanamke mmoja.

Huyu hakumfanya kama wengine. Sketi yake aliikunja mkunjo mmoja mmoja kutoka bati la bomba la moshi. Shingo alimpa ya shaba, akaisugua kwa majivu mpaka ikang'aa. Mgongoni alimbebesha mtoto wa kopo la maziwa, utosi tu ndio umechungulia, na uso wa mama akaugeuza uangalie nyuma, juu ya bega, kama anayesikiliza mlango. Aligonga nyundo ya mpira kwa upole ambao Mama Dobi hakuwahi kuuona ukitumika kwa chochote katika nyumba ile, yeye mwenyewe akiwemo.

"Na huyu?"

"Jirani."

"Jirani gani anapewa shingo ya shaba?"

"Kilikuwa kipande kimebaki."

Sufuria ya maji ikafurika jikoni, Mama Dobi akakimbilia huko, na neno likaishia hapo.

Lile shuka la kiganja ndilo lililoleta balaa. Katika nyumba ya wageni lililaliwa na kijana mmoja mfanyakazi wa jumba la maonyesho ya sanaa, kiatu cha kulia rangi yake, cha kushoto rangi yake, na shali shingoni jua likiwaka. Mtu mwenye akili angelalamika abadilishiwe shuka. Huyu alilipiga picha. Akauliza limefuliwa wapi, akaelekezwa, akaja mpaka getini, akaingia uani, na alipowaona wakwe akapiga magoti kwenye maji ya sabuni.

"Mama," akasema kwa sauti ya msibani, "unajua una nini hapa?"

"Najua. Vyuma chakavu."

"Hii ni kumbukumbu! Ni jeraha la uhamaji. Huyu mzee msanii anazungumza na utupu."

"Anazungumza na koki," Mama Dobi akasema. "Ondoa goti kwenye maji yangu."

Kijana hakuondoa goti. Alimgusa mama mkwe puani, akamgusa mbwa, na kila alipogusa akashusha pumzi. Fundi Bati amesimama kando, kofia mkononi, anatabasamu kwa tabasamu la kijinga ambalo mkewe alikuwa halijui. Maisha yake yote hakuna mtu aliyemwita msanii. Wengi hawakumwita hata fundi. Kijana akasema anataka kuwapeleka wote kwenye jumba la maonyesho, wakae kwenye taa, watu waje. Fundi Bati akaitikia kila neno kwa kichwa. Lakini kijana alipofika kwa mwanamke mwenye mtoto na kusema, "Na huyu ndiye moyo wa onyesho zima," tabasamu likakatika.

"Huyo hapana."

"Mzee wangu, bila huyu..."

"Huyo haondoki."

Akaingia ndani upandeupande, akafunga mlango.

Mama Dobi alibaki uani na kijana aliyelowa magoti, na ndipo alipohisi kitu kama mchwa kikimtembea mgongoni. Baba mzazi ameruhusiwa. Mama mzazi ameruhusiwa, pua yake na yote. Jirani ndiye haondoki?

Akamwambia kijana arudi kesho. Kisha akaingia ndani, akachukua pasi iliyokuwa ya moto tayari, na akaanza kunyoosha foronya karibu na kiti alichokalia mumewe. Pasi ya moto husaidia mazungumzo.

"Jirani yako anaitwa nani?"

Fundi akatazama sakafu.

"Nakuuliza wewe."

"Alikuwa mke wangu."

Pasi haikusimama. "Alikuwa. Mkaachana?"

"Hatukuachana. Niliondoka tu."

"Na huyo wa mgongoni?"

"Alikuwa anaanza kutambaa. Nilisema naenda kutafuta kazi msimu mmoja, nitarudi na cherehani. Msimu ule kazi sikupata. Nikaona aibu kurudi mikono mitupu. Msimu wa pili nikaona aibu kwa ajili ya msimu wa kwanza. Halafu... aibu ikawa nzito kuliko safari yenyewe."

"Wewe ulimwambia baba yangu wamekufa."

"Nilisema wamekwisha."

"Wamekwisha!" Mama Dobi akaweka pasi wima. "Kumbe hata uwongo uliutafutia mlango wa nyuma."

Akangoja machozi yake. Alikuwa ameshaona wanawake wakipata habari kama hizi, akajua mambo huendaje: kilio, kisha mabegi, kisha kilio tena. Hayakuja. Kilichokuja kilikuwa dharau, nyepesi na safi kama hewa ya dirishani. Angekuwa mzinzi angempiga kwa beseni. Angekuwa mwizi angemwogopa kidogo. Lakini mtu aliyetupa watu wake kwa kuona haya, akaketi juu ya haya hiyo mpaka akazeeka, kisha akaanza kuwaokota upya kwa vipande vya mifereji, mtu wa aina hiyo unamfanya nini? Hata kumpiga ni kumheshimu.

"Kwa nguvu uliyotumia kupinda mabati haya," akamwambia, "ungekwenda kwenu kwa miguu na kurudi."

Fundi Bati akalia. Mama Dobi akamaliza foronya zake.

Kesho yake kijana alipokuja na lori, Mama Dobi mwenyewe alimshika mwanamke wa shingo ya shaba kiunoni akampandisha. "Mchukue. Mchukue na mwanawe." Fundi alitoka mbio zake za kaa, akafika getini lori limeshakata kona. Akamtazama mkewe. Mkewe akamtazama kwa namna ambayo neno lililokuwa likipanda kooni mwake lilirudi lilikotoka.

Siku ya ufunguzi jumba lilijaa watu wanaokunywa vitu kwenye vibilauri vyembamba na kusema polepole. Wakwe wamewekewa taa kila mmoja na kikaratasi chini ya miguu. Shangazi wa pipa ameandikiwa "Ukame". Wajomba wanaogombea jembe wameandikiwa "Mazungumzo". Mama Dobi alisoma akicheka puani. Dada mkubwa naye alikuwepo, kajitanda kitambaa kipya, anamshika kila mtu mkono: "Ni shemeji yetu huyo. Tangu zamani tulimwona ana kipaji." Kichwa cha kuku hakistahili kilemba, Mama Dobi akawaza, na akashindwa kuamua ni kichwa kipi, cha dada au cha shemeji.

Mkubwa mmoja wa serikali, ndiye mgeni rasmi, akasimama mbele ya mwanamke wa shaba, akasafisha koo. Kikaratasi kiliandikwa "Upendo wa Mama". Akahutubia juu ya upendo wa mama. Akasema ametazama uso huu akaona mama zetu wote, wavumilivu, wasiolalamika. Fundi Bati, ndani ya suti ya kuazima, alijificha nyuma ya mkewe akitafuna mdomo wa chini.

"Samahani," Mama Dobi akasema.

Mkubwa akanyamaza. Mama Dobi akasogea mpaka kwenye taa.

"Huyu si upendo wa mama. Huyu ni mke mwenzangu. Huyo mgongoni ni mtoto wa mume wangu, huyu hapa, anayejibanza. Aliwaacha mlangoni akasema anafuata cherehani. Wanamsubiri mpaka leo, kama hawajafa, na yeye hajui kama wamekufa, maana hajauliza. Akaja kwetu akasema wamekwisha. Mimi nimelala naye ujana wangu wote nikimwonea huruma kwa kufiwa. Sasa mnywe."

Hata vibilauri vilinyamaza. Mama Dobi alisubiri watu wamgeukie mumewe, wamzomee, wamtemee mate, walau wamwulize kulikoni.

Wakapiga makofi.

Walipiga makofi kwa muda mrefu, wengine wakifuta macho. Yule kijana wa viatu vya rangi mbili alimkumbatia mpaka shali ikamwingia mdomoni. "Ajabu," akanong'ona, "ajabu kabisa, mama, hatukujua kama na wewe unaigiza." Mgeni rasmi akaomba picha ya pamoja, yeye katikati. Watu wakanyoosha simu.

Mama Dobi alikuwa na dharau nyingi, alizokuwa ameweka akiba kwa miaka, lakini hapo akaona hazitatosha watu wote wale. Akachukua mkoba wake akaenda nyumbani kwa miguu.

Maneno yake yakasambaa kwenye simu, yakavuka mpaka. Wiki zikapita, ua ukawa mweupe kwa mashuka, mume na mke wakaongea mambo ya chumvi na sabuni tu. Mchana mmoja geti likagongwa. Nje alisimama mwanamke wa makamo, mrefu, koti limekunjwa mkononi, begi dogo miguuni. Hakuwa na shingo ya shaba, lakini paji la uso lilikuwa la Fundi Bati mtupu, kama limekatwa kwa mkasi ule ule.

"Wewe ndiye uliyesema kwenye simu," mgeni akasema. Naye alitafuna kokoto.

"Ndiye. Na wewe ndiye wa mgongoni."

"Ndiye."

Mama Dobi akamkaribisha ndani, akampa maji. Fundi Bati alitoka chumbani kuona nani, akafika mlangoni, akashika ukuta. Akateleza polepole mpaka chini, nyonga mbovu imenyooka mbele, akaanza kuomba msamaha kwa lugha ya kwao, kwa haraka, akishika viatu vya binti. Mama Dobi hakuelewa maneno ila alielewa muziki wake. Ni muziki wa mtu aliyekuwa akiufanyia mazoezi.

Binti akangoja amalize. Kisha akajibu kwa Kiswahili, kwa heshima ya mwenyeji.

"Inuka, mzee. Sikuja kwa hayo."

"Mama yako..." fundi akasema. "Mama yako alikufa lini?"

"Mama yuko hai. Yuko kwa mumewe."

"Mumewe?"

"Mchinjaji nyama. Uliondoka, mwaka uliofuata akaolewa. Nina wadogo zangu wanne. Cherehani alinunua baba." Alilitamka neno baba bila kumtazama. "Mama alikutambua kwenye ile video, kwa ulivyojificha nyuma ya mwanamke. Akaniambia nenda kaone kama ni yeye kweli. Akasema: ukikuta ni yeye, usije naye."

Miaka yote Fundi Bati alikuwa amejibebesha mwanamke anayechungulia nyuma, anasikiliza mlango, na mtoto analia njaa. Alikuwa tayari kulaaniwa. Alikuwa tayari, Mungu amsamehe, hata kusamehewa. Lakini kwamba hawakumngoja!

"Hakusema neno jingine?" akauliza, kwa sauti ndogo.

Binti akafikiri kidogo, ili amtendee haki. "Alisema mfereji uliotuwekea ulikuwa unavuja. Baba aliung'oa."

Mama Dobi akacheka. Hakutaka, kicheko kilimtoka chenyewe, na binti akamwangalia, kisha naye akaanza, na wanawake wawili ambao hawakuwa wameonana hata saa moja wakacheka mpaka wakashikana mabega, huku mzee amekaa chini katikati yao kama mzigo ambao hakuna aliyekuja kuuchukua.

Binti alikaa siku chache. Alimsaidia Mama Dobi kukunja mashuka, mmoja huku, mmoja kule, wakikutana katikati, na walipokutana waliongea. Ni mkunga, kumbe, ana watoto, ana mume mvivu. Alianza kumwita mama mdogo bila kuombwa, na Mama Dobi, ambaye dada yake wa damu hakuwahi kumwita kwa jina bila kuliuma kidogo, alijikuta anaitika haraka. Walikwenda pia jumba la maonyesho kumwona mwanamke wa shaba. Binti alimtazama mbele na nyuma. "Kafanana na mtu," akasema mwishoni, "ila si mama." Fundi akamwambia, kama anataka, amchukue, ni wake. "Nikampeleke wapi?" binti akauliza. "Mama ana nyumba yake, ina watu."

Alipoondoka, Mama Dobi alimsindikiza mpaka kituo cha mabasi, akamwekea chakula cha njiani, wakapeana namba za simu. Fundi Bati hakuambiwa aje, naye hakuja.

Aliporudi akamkuta ameketi juu ya kopo la rangi, uani pasipo na mkwe hata mmoja, mkasi umelala miguuni pake.

"Aliniulizia?"

"Hapana."

"Namba yake unayo?"

"Ninayo. Ukitaka kuongea naye, simama wima, uniombe, nitakupa. Si kwa kukaa hapo unapepesa macho. Simama kama mtu."

Akaingia ndani, akawasha pasi. Kazi ilikuwa imelala, foronya zimerundikana mpaka kiunoni. Alinyoosha ya kwanza, ya pili, akasikia nyonga ikikokotwa kwenye sementi, ikipanda kizingiti kwa taabu. Fundi Bati akafika mlangoni, akashika fremu kwa mikono miwili, akajinyoosha kadiri mifupa ilivyomruhusu. Kidevu juu. Mama Dobi akainua pasi, akangoja.

Mzee akavuta pumzi.

"Chai ipo?" akauliza.

"Ipo," Mama Dobi akasema, na akachukua foronya nyingine.